Nafasi ya Themanini na Nane

Toleo la kumi na mbili lashuka Ijumaa
na la kumi na moja bado lanidai.
Nina miaka arubaini na sita. Ni karani wa kutoa mizigo Kilindini,
natoa makontena ya watu: mchele, matairi, vigae vya choo,
na kifurushi changu mwenyewe, chepesi kama boflo,
kimelala posta siku ya tisa
kwa kuwa mtumaji kaandika "karatasi za mchezo"
na afisa auliza: mchezo gani, mzee? Kamari?

Namweleza. Kuna joka wa maji, kuna walinzi wa malango,
kila kadi na nguvu zake, na nambari yake pembeni,
ndogo kama chawa.
Anisikiliza kama daktari.
Agonga muhuri mahali si pake.

Hapa Kibokoni adui si panya wala mwizi.
Ni hewa. Kadi za kung'aa hupinda zenyewe usiku,
zikajikunja kama jani la tambuu.
Basi nimejifunza kuomba: maduka ya viatu Barabara ya Biashara
yanijua, yule wa vijipakiti,
vile vya chembechembe zisizoliwa.
Navipanga ndani ya bati la biskuti, kando ya albamu,
na Batuli akifukiza udi Alhamisi
hufukiza na humo, kwa kejeli:
"Wageni wako nao wasikae vibaya."
Majoka yangu yote yanukia harusi.

Ilianza kwa Munir. Alikuwa na miaka tisa na surua;
nikamnunulia pakiti moja imnyamazishe.
Kisha akahamia mpira, kisha Eldoret, kisha simu fupi fupi.
Kadi zikabaki nami
kama paka wa mpangaji aliyehama.

Mbio za sakafuni, walisema, huishia ukingoni.
Walisema kweli. Lakini hawa watu wa kiwandani
kila miezi mitatu waongeza sakafu.
Wafika ukingoni roho mkononi, umebakisha kadi moja,
wakufungulia chumba kingine, taa zawaka, rangi bado mbichi.
Na toleo maalumu. Na kumbukumbu ya toleo maalumu.
Na kadi ile ile uliyo nayo, ila joka sasa kageuza shingo.
Naitazama hiyo shingo. Nahesabu bili ya maji.
Haki ya Mungu, imechorwa vizuri zaidi.

Jana jioni, Bondeni, kwa Faiz, juu ya fundi wa simu,
kijana aitwaye Swabir alirarua pakiti kwa meno
na humo, katikati ya takataka,
themanini na nane. Mlinzi wa Lango la Chumvi.
Miezi mitano namtafuta.
Nikataja bei. Nikapanda. Nikatia na joka wawili juu.
"Siuzi, mjomba. Nina raundi ya pili."
Akambwaga mezani kwa vidole vyekundu vya mabuyu,
mlinzi yule, uchi, bila plastiki,
akatikiswa kidogo na feni,
akasimama akazuia mashambulizi matatu.

Maandishi yake nayajua kwa moyo.
Sikuwahi kumwona kazini.

Swabir alishindwa, hata hivyo, raundi ya tatu.
Akaja akinisukumia kadi bila kuniangalia.
"Mia nane. Kashapigana, lakini."
Kona imepondeka. Juu ya ngao, alama ya dole gumba, nyekundu.
Nikalipa. Nikampiga picha, nikamtumia Munir.
Jibu lilikuja saa sita usiku: "Kumbe bado unazo?"
Sijajua nimjibu nini.

Leo Alhamisi. Batuli kaacha chetezo karibu na bati.
Ukurasa wa kumi, safu ya chini: nafasi imejaa.
Nimekaa nayo tangu isha, nimeifungua magotini,
sigeuzi ukurasa.
Faiz hufungua saa tatu.